Habari za Heroe kwa Nyanya

Wiki iliyopita nilipanda juu ya paa kuanua nguo. Siku hizi nakaa Kware, katika mojawapo ya yale maghorofa yaliyosongamana hata jirani wa jengo la pili anaweza kukupokeza chumvi dirishani, na anga tunaipata paani tu. Nilikuwa na kipande cha mkate mkononi na shuka begani, mara kivuli kikapita juu ya saruji. Kabla sijafikiri nilikuwa nimechuchumaa, kichwa ndani ya shuka, mkate nimeukumbatia kifuani. Mlinzi wa jengo, aliyekuwa akirekebisha tangi la maji, alicheka mpaka akakaa chini.

"Madam, ni mwewe tu!"

Mwewe tu. Yeye hakukulia Shauri Moyo.

Kwetu mtoto alijua kula kwa zamu kabla hajajua kusoma. Mwewe waliokuwa wakizunguka juu ya mabucha ya Gikomba waliijua saa ya mapumziko shuleni kuliko mpiga kengele. Kengele ikilia, wao tayari wako kwenye nyaya za stima. Kwa hiyo tulikula wawili wawili: mmoja anakula, mwenzake anatazama juu. Mlaji hana ruhusa ya kuinua macho, mtazamaji hana ruhusa ya kuyashusha. Akipiga kelele "Juu!" unaingiza mandazi ndani ya sweta na kuinama. Ukimaliza mnabadilishana. Urafiki tuliupima hivyo. Msichana aliyezubaa mwewe akakupokonya andazi lako, na kukuachia mkwaruzo wa kucha kidoleni, hukuketi naye tena muhula mzima. Mwenzangu wa zamu alikuwa ndiye niliyekaa naye dawati moja, mtoto mwenye maneno mengi na macho makali, na sijawahi kupata mtu wa kumwamini hivyo tangu wakati ule.

Mwalimu wetu wa sayansi aliiona desturi hiyo akaipenda. "Nyinyi mnatazama juu siku nzima," alisema, "ni vile tu hakuna aliyewaambia mnachotazama ni nini." Akaanzisha klabu ya ndege. Tulikuwa na darubini moja yenye kioo kimoja kilichopasuka, tukapokezana kwa foleni. Kutoka uwanjani tuliwatazama korongo wenye vipara waliosimama juu ya jaa la taka kama mawakili wanaosubiri kesi, shomoro waliojenga ndani ya herufi za mabango, kwarara waliopita jioni wakipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mwalimu alitufundisha majina yao ya Kiswahili sanifu. Tulipomwambia tunataka kuona flamingo, alisema kwanza tuwaite heroe, kisha atatupeleka Ziwa Nakuru. Tukawaita heroe. Naye akatimiza.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha kanjo, yaani cha baraza la jiji, chenye mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye ua. Asubuhi ilianza na nyundo za mafundi waliokuwa wakifua mabati kuwa masanduku, mdundo ambao mtoto mchanga alilala ndani yake bila kushtuka. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji bombani kabla ya foleni kurefuka, halafu kuwasha jiko la makaa la nyanya. Mama alitoka mapema kwenda kuuza mitumba, na jioni alirudi na mfuko wa nguo zisizo na vifungo. Mimi na nyanya tulizishonea vifungo tulivyochambua kwenye kopo la mafuta ya Kimbo. Nyanya alivichagua kwa vidole. Nilidhani ni ustadi. Baadaye ndipo nilipojua alikuwa havioni.

Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Weupe ulikuwa umetanda kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Alitembea uani kwa kugusa ukuta, akawatambua watu kwa viatu vyao. Wakati huo kulikuwa na tangazo kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja ukumbini kupima watu, na watakaohitaji watapelekwa hospitali kufanyiwa upasuaji. Mama alimsihi. Padri alimsihi. Nyanya alikataa.

Aliyebaki kumsukuma ni jirani yetu wa mlango wa pili, bibi wa Kimombasa aliyekuwa akikaanga viazi karai mbele ya nyumba yake kila alasiri, amejifunga leso mbili na kijiko cha chuma mkononi. Walikuwa wametaniana na nyanya tangu kabla sijazaliwa.

"Shoga yangu, mtoto wa jicho haondoki kwa kubembelezwa," alimwambia siku moja, mafuta yakichemka katikati yao.

"Mimi sitaki kisu kwa jicho."

"Wataka kuzikwa kabla ya siku yako? Jana umemwamkia mbuzi."

"Alikuwa na adabu kuliko wewe." Nyanya alifuta mikono kwenye aproni. "Na nikifunguliwa hayo macho, nione nini? Huu ua? Nilichotaka kuona nilishakiona."

Mimi nilijua alichoona. Tulikuwa tumekisikia sote mpaka jirani alikijua kwa moyo. Alipokuwa msichana, nyanya alichuma pareto kwenye shamba la mlimani, juu ya Ziwa Nakuru. Kutoka pale, alisema, ukingo wa ziwa ulikuwa mwekundu mwekundu kwa ndege, kama ufizi wa mtoto, na Jumapili yeye na dada yake waliteremka mpaka karibu kuwasikiliza wale ndege. "Walikuwa wanaongea kama watu walio kwa baraza kabla chifu hajafika." Dada yake alifia kule, akazikwa kule kule. Nyanya akaja Nairobi akiwa na mimba ya mama, na hakurudi tena.

"Haya," jirani alisema, "mjukuu wako si aenda ziwani Jumamosi na shule? Akija akakwambia ndege wako wangali wapo, utaenda hospitali ukatengenezwe ukawaone?"

Nyanya alipangusa aproni yake tena na tena, hata kiazi kimoja kikaungua.

"Akiniambia wako, nitaenda," alisema. "Akiniambia hawako, mniache na giza langu. Na mtu asiniletee habari ya kisu tena."

"Nimekubali. Na huyu mtoto shahidi."

Sikuulizwa kama nimekubali. Nilikuwa nimeshika sahani ya viazi na ukwaju, nikaiweka chini. Mimi ni mtu wa kulifikiria jambo mpaka likachakaa, na naamini nilianza siku ile. Je, kukiwa na ukungu? Je, wakiwa upande wa pili wa ziwa na basi lisifike? Je, darubini ikiwa mikononi mwa mtu mwingine wakati wanapita? Usiku nililala nikiwaza kwamba macho ya nyanya yangu yamewekwa ndani ya macho yangu, na hakuna aliyeniuliza kama yanatosha.

Jumamosi tulifika kwenye mbuga tukiimba. Jambo la kwanza tuliloambiwa ni kwamba lango la zamani liko chini ya maji. Ziwa lilikuwa limefura. Barabara iliyokuwa ikizunguka ufuo ilishuka taratibu na kuingia majini, kama mtu aliyeamua kwenda kuoga. Migunga mirefu ilisimama katikati ya maji, imekufa, meupe matawi yake, na juu ya kila tawi palikuwa na ndege mweusi aliyetandaza mabawa kuyakausha. Wenzangu walipiga mayowe walipoona faru. Walipiga mayowe walipoona twiga na nyati na hata ngiri. Mimi nilikuwa nimebandika paji la uso kwenye dirisha nikitafuta rangi moja tu.

Niliona mwari, wakubwa, weupe, wakielea kwa makundi kama mashuka yaliyoanguka kutoka kambani. Niliona yangeyange. Niliona kwazi, akilia na kichwa kimerudi nyuma. Mwekundu sikuona.

Wakati wa chakula tulishushwa kwenye uwanja wa nyasi. Bila mtu kutuambia tulikaa wawili wawili, tukaanza zamu. Nusu ya darasa ilikula imeinama, nusu ikaikodolea mbingu. Hakukuwa na mwewe hata mmoja. Nyani walikuja kwa miguu, chini, polepole, bila haraka yoyote, wakapita katikati ya watazamaji wetu hodari na kuchukua mifuko iliyokuwa magotini mwa walaji. Tulipozinduka, nyani dume alikuwa juu ya jiwe akifungua chapati za nyanya yangu, akazikunjua moja moja kama anayekagua kitambaa cha kununua.

Askari wa mbuga alikuja na fimbo huku akicheka. "Nyinyi watoto mmetoka wapi?"

"Shauri Moyo!"

"Na huko wezi wanatoka mbinguni?"

"Eeh!" tulijibu kwa pamoja, na hakuna aliyetania.

Nilimfuata yule askari nikamuuliza walipo heroe. Aliniangalia vizuri, labda kwa sababu sikuuliza kama mtalii. Akasema wamehama. Maji yalipoongezeka chumvi ilipungua, na kile wanachokula kikapotea. Wengi wamekwenda maziwa mengine, upande wa Baringo. "Watarudi?" Akasema hilo waulizwe wenyewe.

Nilirudi kwa mwenzangu wa zamu nikamweleza yote: viazi, ahadi, giza. Alisikiliza huku akilamba ganda la chungwa, chakula pekee kilichomsalia.

"Si useme tu wako?"

"Akitaka kwenda kuwaona?"

"Utamwambia wamehama jana."

"Na akijua?"

"Manze, hata hajaona na ushaanza kulia. Mwambie wako, atengenezwe macho, mambo mengine baadaye."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonitesa njia nzima. Nikisema wako, nyanya atapata macho, na kitu cha kwanza atakachoona vizuri ni kwamba mimi ni mwongo. Nikisema hawako, nitakuwa nimemfunga macho kwa mkono wangu mwenyewe. Niligeuza na kugeuza. Tulipofika Nairobi nilikuwa nimechoka kuliko dereva.

Walikuwa wananisubiri uani wote watatu. Mama alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Nyanya alikuwa kwenye kigoda chake, uso umegeukia mlango wa ua, amevaa kitambaa kizuri kichwani kama anayengoja mgeni. Nyuma yake jirani alisimama na kijiko chake, akinikonyeza kwa macho yote mawili, akitikisa kichwa kwa nguvu: sema wako, sema wako! Leso ilimteleza begani kwa jinsi alivyotikisa.

"Ni wewe," nyanya alisema, amesikia viatu. "Haya. Sema."

"Hawako, Shosho. Wamehama."

Jirani aliinua mikono juu akaishusha. Nilisubiri nyanya aseme basi, aingie ndani na giza lake. Hakusema hivyo. Alikunja uso.

"Wamehamia wapi? Ndege wale hawahami. Maji yako?"

"Maji yameongezeka. Yamefika kwa miti. Yamefunika barabara na geti."

"Maji yamefunika geti?" Alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayeibiwa akiona. "Ziwa lile mtu alivuka ukingo wake kwa miguu, vumbi tu. Uliona nini kingine?"

Nilimwambia mwari, ndege weusi, migunga iliyokufa ndani ya maji. Kila nilichosema kilimkasirisha zaidi. Hatimaye alimgeukia mama.

"Huyu mtoto haoni."

"Mama!" mama yangu alishtuka.

"Nakwambia haoni! Ndege wamejaa ziwa zima, anaona geti chini ya maji. Ni hii kazi ya kutazama jua kila siku huko shule, eti mwewe. Amejiharibu macho. Mnapiga kelele juu ya macho yangu yaliyozeeka, na ya mtoto yanaoza mkiangalia!"

Nilifungua kinywa kujitetea, na jirani, mwanamke mwerevu kuliko wote niliowahi kukaa nao ua mmoja, akanibana bega.

"Wallahi umesema kweli," alimwambia nyanya kwa sauti ya huzuni nzito. "Nami nilikuwa namshuku. Apelekwe ukumbini akapimwe. Lakini mamake siku hiyo atakuwa sokoni. Nani atampeleka?"

"Mimi si nyanya yake?" nyanya alisema.

Ndivyo alivyokwenda kwa madaktari wa macho: ameshika bega langu, jirani nyuma yetu amebeba viazi kwenye karatasi, nyanya mwenyewe akiwa na uhakika kwamba ananipeleka mimi. Alimwambia kila mtu kwenye foleni. "Ni huyu mdogo. Alienda ziwa hakuona ndege."

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinisimamisha mbele ya bango la herufi, akaniziba jicho moja. Nyanya alikaa kando, kichwa ameinamisha kusikiliza. Nikaanza kuwaza tena. Nikikosea herufi, heroe wangali ziwani na tatizo ni langu, la miwani. Nikisoma zote sawa, basi wamekwenda kweli, na nitakuwa nimemwambia mara ya pili. Nilimtazama. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Nikasoma. Kubwa, za kati, ndogo.

"Muulize zile ndogo kabisa," nyanya aliagiza.

Nikasoma ndogo kabisa. Nikasoma mpaka jina la kiwanda kilichochapisha bango, kwenye pembe ya chini. Daktari aliinama kulitazama mwenyewe, akatabasamu. "Shosho, huyu macho yake ni mazuri kushinda yangu."

Nyanya aliachilia kiti.

"Kwa hivyo hawako," alisema.

"Hawako, Shosho."

Ahadi ilikuwa wazi kwa wote: hawako, aachwe na giza lake. Daktari, asiyejua lolote, alikuwa tayari anamwita mtu wa pili. Ndipo nyanya akasema, si kwa sauti kubwa:

"Daktari. Ukinitoa hii kitu, nitaona mpaka wapi?"

"Unataka kuona nini, Shosho?"

"Nataka kuona maji mahali hapakuwa na maji. Dada yangu amelala huko. Siwezi kuambiwa na mtoto tu."

Jirani alipiga vigelegele ndani ya ukumbi wa kanisa mpaka katekista akatoka ofisini kuuliza ni harusi ya nani.

Alitengenezwa jicho moja kwanza, kisha la pili. Bandeji ilipotolewa hatukupata maneno matamu. Alimwambia mama amekonda. Alimwambia jirani, "Kumbe wewe ni mfupi hivi," naye jirani akajibu, "Nawe kumbe umezeeka, nami nilikuwa nakuficha." Alikagua sufuria zote akazisugua upya. Kopo la vifungo alilimwaga sakafuni akashangaa rangi.

Desemba mama alifunga kibanda chake, tukaenda ziwani sisi wanawake wanne. Tulisimama juu ya kilima cha kutazamia, upepo ukivuta leso za jirani. Nyanya aliweka kiganja juu ya macho akatazama kwanza mlimani, mahali palipokuwa na pareto, akatazama muda mrefu. Kisha akashusha macho majini. Alifuata ukingo wote kwa kidole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nikimwangalia yeye, si ziwa, nikiogopa kwamba nimemleta mpaka huku avunjike moyo.

"Ni kweli," alisema mwishowe, akanigusa kichwa. "Uliona vizuri."

Halafu akaonyesha mti uliokufa. "Na hao weusi?"

"Mnandi."

"Mnandi." Alilijaribu neno mdomoni kama anayeonja chumvi. "Hawakuwa hapa wakati wetu. Na wana viota, unaona? Wana watoto." Alikaa kwenye jiwe. "Wale walienda, hawa wakaja. Wao pia ni watu wa hapa sasa." Alilia kidogo, na jirani akamkalia karibu, akampa kiazi.

Siwezi kusema ulikuwa mwisho mzuri au mbaya. Alirudi nyumbani akaishi miaka kadhaa, akiona, akigombana na kila kitu alichokiona. Jirani alimfuata kaburini baada ya muda mfupi. Ua ule sasa una watu wengine, na mwalimu wa sayansi alihamishwa. Mwenzangu wa zamu yuko nje ya nchi, tunatumiana picha za chakula. Mimi nina shahada na muda mwingi wa kuwaza. Huwa najiuliza kama nilimsaidia au nilimnyang'anya kitu alichokuwa nacho salama gizani. Jibu langu hubadilika kulingana na siku.

Jioni ile ya mlinzi na kicheko chake, niliingia ndani na shuka zangu nikiwa bado na haya, nikafungua simu. Mtu aliyetoka Nakuru alikuwa ameweka picha. Maji yalikuwa yamerudi nyuma kidogo upande mmoja, na kando yake, mstari mwembamba, mwekundu mwekundu. Nilikuza picha mpaka ikavunjika vipande. Ni wao. Nilisimama katikati ya chumba, habari imenijaa kinywani, nikaangalia huku na huku nani nimpe.